Magurudumu Madogo ya Majira ya Baridi: Jinsi ya Kuyachagua na Kuyafunga kwenye Gari Dogo

Katika somo lililotangulia tulieleza kwa nini mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto lishukapo chini ya nyuzi 7 za Selisiasi, na kwa nini tairi la majira ya baridi hubaki laini hata theluji ijapo. Somo hili laendelea kutoka hapo. Laandikwa kwa ajili ya walaji wa Québec, na hasa wale waliofika huku kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania, ambao mara nyingi hununua gari lao la kwanza wakati wa kiangazi na kukutana na suala la matairi mwezi wa Oktoba, siku ambazo magaraji yamejaa na bei hazina huruma.

Kwanza sheria, kwa kifupi. Gari la abiria lililosajiliwa Québec lapaswa kuwa na matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Sheria hiyo ilianza kutumika katika majira ya baridi ya mwaka 2008, na tangu Desemba 2014 haitoshi tena tairi kuandikwa herufi M na S ubavuni: ni lazima liwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, au liwe tairi la njumu za chuma. Anayekamatwa bila matairi hayo hutozwa faini ya dola 200 hadi 300, mbali na gharama nyinginezo. Gurudumu la akiba halihusiki na sharti hilo.

Sheria haisemi rimu yako iwe ya ukubwa gani. Hapo ndipo mlaji anapoachiwa uamuzi, na hapo ndipo fedha nyingi huokolewa au hupotea.

Kwa nini kushuka ukubwa

Tumchukue mlaji wa mfano. Ni mama wa watoto watatu, akaa Sherbrooke, mji wa vilima, na hufanya kazi ya zamu ya usiku hospitalini. Mwezi wa Julai amenunua Toyota Corolla ya mwaka 2020, iliyotumika, yenye rimu za aloi za inchi 18 na matairi ya 225/40R18. Gari lapendeza. Kule nyumbani wengi wetu tulizoea kuona kijana akipata fedha kidogo, jambo la kwanza ni kulivisha gari rimu kubwa zinazong'aa. Basi kumwambia mtu avue inchi 18 na kuvaa inchi 16 za chuma cheusi ni kama kumwambia avue viatu vya harusi avae mabuti. Lakini ni mabuti hasa anayoyahitaji.

Tairi la rimu ya inchi 18 lina ubavu mfupi, nalo kwa kawaida huuzwa ghali kuliko la inchi 16 la ubora uleule. Ubavu mfupi hauna mto wa kutosha wa upepo. Mwezi wa Machi, barafu inapoyeyuka mchana na kuganda usiku, barabara za Québec hupasuka na kufanya mashimo ambayo wenyeji huyaita viota vya kuku. Gurudumu lenye ubavu wa milimita 90 likitumbukia humo kwa kasi, pigo lote huishia kwenye rimu. Ubavu mrefu hupinda na kunyanyuka tena. Kisha kuna chumvi. Barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi, nayo huingia chini ya rangi ya aloi na kuila. Rimu ya chuma nayo hushika kutu, lakini kutu yake huondolewa kwa brashi na rangi ya kopo, na ikipinda kidogo, kuibadilisha si msiba.

Upande wa theluji, tairi jembamba lina faida yake. Uzito uleule wa gari ukikalia upana mdogo zaidi, tairi hukata theluji laini na kushuka hadi chini lilikoshika ardhi, badala ya kuelea juu yake. Tusilitie chumvi jambo hili. Tofauti ya milimita 205 na 225 si ya kimiujiza, na juu ya barafu tupu kinachoshika ni ulaini wa mpira na vipasuo vidogovidogo vilivyokatwa katika meno ya tairi, wala si wembamba. Tena dereva aliyezoea inchi 18 ataona usukani umekuwa mzito wa kujibu, kana kwamba gari lafikiri kwanza kabla ya kukata kona. Si hitilafu. Ni ule ubavu mrefu ukifanya kazi yake.

Kuna na faida ya kuwa na rimu za pili, ziwe ndogo au la. Asiye nazo hulazimika kila Aprili na kila Novemba kulipia matairi yang'olewe katika rimu na mengine yavishwe, kisha yabalansiwe upya, na kila ung'oaji huchosha ukingo wa tairi. Mwenye rimu za pili hubadilisha magurudumu mazima tu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu pekee, garaji latoza dola 100 kwa kazi ya kwanza na dola 60 kwa ya pili: tofauti ni dola 40 kila safari, dola 80 kwa mwaka. Rimu nne za chuma zikigharimu dola 360 zitakuwa zimejilipa katika miaka minne na nusu. Mlaji aulize bei za garaji lake na kuifanya hesabu hii upya, kwa sababu anayetarajia kuliuza gari baada ya mwaka mmoja huenda asione faida hiyo.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Sasa tufike kwenye hesabu. Msomaji asiipite sehemu hii, kwa kuwa wauzaji wengi hutegemea kwamba mnunuzi ataipita.

Katika maandishi 225/40R18, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni kimo cha ubavu, nacho hakikuandikwa kwa milimita bali kwa asilimia ya upana: asilimia 40 ya 225 ni milimita 90. Herufi R yaeleza muundo wa nyuzi za ndani. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Basi kipenyo cha gurudumu zima hupatikana hivi: ubavu wa juu 90, ubavu wa chini 90, na rimu 18 mara 25.4, yaani 457.2. Jumla ni milimita 637.2.

Kanuni ni kwamba rimu ipungue lakini gurudumu zima libaki karibu na kipenyo kilekile. Kinachopotea kwenye chuma chapaswa kurudishwa na mpira. Tupime 205/55R16: asilimia 55 ya 205 ni 112.75, mara mbili ni 225.5, rimu ni 406.4, jumla 631.9. Limepungua kwa milimita 5.3, ambayo haifiki asilimia moja. Spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari kwa kweli litakuwa likienda karibu 99.2. Hakuna askari wala breki itakayolalamika.

Sasa tuseme muuzaji mmoja ana matairi ya 195/60R15 yaliyobaki stoo na ayatoa kwa bei nzuri. "Ni tairi la gari dogo, mama, litaingia tu." Hesabu: 117 mara mbili ni 234, rimu ya inchi 15 ni 381, jumla 615. Hapo gurudumu limepungua kwa milimita 22.2, asilimia tatu na nusu. Gari litashuka kwa zaidi ya sentimita moja, na hali theluji huku hupimwa kwa sentimita. Spidomita na kipima umbali vitadanganya. Na mifumo ya breki na ya kuzuia gari kuseleleka itapokea taarifa za magurudumu yasiyo yale iliyopangiwa. Kwa desturi ya kazi hii, tofauti isizidi asilimia tatu, nasi twashauri mlaji asikubali hata mbili ikiwa soko lina tairi lililo karibu zaidi. Tairi la 195/65R15, ambalo maandishi yake yatofautiana na lile la muuzaji kwa tarakimu moja tu, lina kipenyo cha milimita 634.5 na lingefaa kabisa kwa kimo.

Hata hivyo njia iliyo salama kuliko hesabu yoyote ni kuuliza kiwanda kilifanya nini. Modeli moja ya gari mara nyingi hutoka na rimu za ukubwa mbalimbali kwa matoleo mbalimbali. Corolla hiyo ya mwaka 2020 ilitoka pia na 205/55R16, na toleo la bei ya chini lilivaa 195/65R15. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva huonyesha ukubwa wa tairi la gari hilo na upepo wake. Kitabu cha mwenye gari huorodhesha na ukubwa wa matoleo mengine. Mlaji aanze hapo, kisha atumie hesabu kuhakiki anachoambiwa.

Baada ya ukubwa hufuata namba mbili na herufi, kama 91T. Namba ni daraja la mzigo: 87 ni kilo 545 kwa kila tairi, 88 ni 560, 91 ni 615, 94 ni 670. Herufi ni daraja la mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Tairi la majira ya baridi laweza kuwa na herufi ya chini kuliko lile la kiangazi, nalo hilo ni la kawaida. Daraja la mzigo ni jambo jingine: lisishuke chini ya lile la gari. Gari la mfano wetu hubeba watoto watatu na mizigo ya sokoni ya wiki nzima. Habari njema ni kwamba 205/55R16 ya kawaida ni 91, hivyo mara nyingi kushuka ukubwa wa rimu hakupunguzi uwezo wa kubeba.

Rimu nayo ina vipimo vyake

Malalamiko mengi katika biashara hii hayahusu tairi bali rimu. Tairi la ukubwa sahihi likivishwa rimu isiyofaa ni hatari kamili.

Cha kwanza ni idadi ya matundu na duara lake. Corolla tunayoizungumzia ina matundu matano katika duara la milimita 100, huandikwa 5x100. Honda Civic za miaka ya karibuni ni 5x114.3. Volkswagen Golf ni 5x112. Msomaji atazame namba mbili za mwisho: zatofautiana kwa milimita 2.3 pekee, na jicho haliwezi kuzitenganisha. Rimu ya 5x112 ikisukumwa kwenye kitovu cha 5x114.3 yaweza kuonekana imeingia, na nati zikakazwa kwa nguvu ya mashine, lakini kila nati itakuwa imekaa upande. Nati iliyokaa upande hulegea. Tundu la rimu hutanuka, na siku moja gurudumu huondoka. Jambo hili halina "takriban": ama duara ni lilelile, ama rimu hairudi nyumbani nawe.

Cha pili ni tundu la katikati, linalokaa juu ya kitovu cha gari. La Corolla ni milimita 54.1, la Golf 57.1, la Civic 64.1. Rimu yenye tundu dogo kuliko kitovu haiingii kabisa. Yenye tundu kubwa huingia lakini huhitaji pete ya kujazia nafasi, vinginevyo usukani utatetemeka mwendoni hata magurudumu yawe yamebalansiwa vizuri. Pete hizo ni za bei ndogo. Muuzaji asiyezitaja huenda hazijui.

Cha tatu ni kiasi ambacho rimu huingia ndani au hutoka nje ikilinganishwa na uso wa kitovu, kipimo ambacho hupigwa chapa nyuma ya rimu kwa herufi ET na namba ya milimita. Kikiwa kidogo mno, gurudumu hutokeza nje na kukwaruza tao la bodi. Kikiwa kikubwa mno, huegemea ndani na kugusa shokomzoba. Rimu za modeli ileile kutoka kiwandani huondoa tatizo hili.

Cha nne ni breki, na hapa ndipo kushuka ukubwa kuna mpaka wake. Gari lililotoka na rimu za inchi 18 huenda lilipewa pia diski kubwa za breki za mbele. Rimu ya inchi 15 iliyoingia kwa ndugu yake wa bei ya chini yaweza kugusa mkono wa breki wa gari lako. Isitoshe, rimu mbili zenye inchi zilezile, moja ya chuma na nyingine ya aloi, hazina umbo moja kwa ndani. Kwa hiyo twapendekeza jaribio ambalo halichukui dakika kumi, nalo lifanywe kabla tairi halijavishwa, kwa sababu duka hukubali kurudishiwa rimu tupu kwa urahisi kuliko iliyokwisha kuvishwa. Gari likiwa juu ya jeki na vigingi, rimu tupu hufungwa kwenye gurudumu la mbele kwa nati zote, huzungushwa kwa mkono mzunguko mzima, kisha usukani hukatwa hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto huku rimu ikizungushwa tena. Pawe na nafasi ya wazi pande zote. Nafasi ya kupenyeza karatasi si nafasi, kwani chuma hupanuka kikipata joto la breki, na barafu hupenda kuganda humo.

Na cha tano, kisichozungumzwa na wengi, ni nati zenyewe. Kikalio cha nati, yaani pale inapogusana na rimu, huwa cha koni, cha mviringo kama nusu ya mpira, au bapa chenye washa. Honda hutumia cha mviringo kwa rimu za kiwandani, ilhali rimu nyingi za maduka ya vipuri hutengenezwa kwa koni. Magari kadhaa ya Toyota yenye aloi za kiwandani hutumia nati bapa zisizofaa rimu za chuma. Golf haina nati bali bolti za kikalio cha mviringo. Nati ya koni katika tundu la mviringo hugusa kwa mstari mwembamba tu. Hukazwa leo ikaonekana imara na kulegea baada ya safari mbili. Mlaji anaponunua rimu aulize: nati zake ni zipi, na je, bei inazijumuisha?

Matairi manne, si mawili

Wapo wanaonunua mawili kwa ajili ya magurudumu yanayosukuma gari. Corolla husukumwa na ya mbele. Basi mbele kutashika, na nyuma, penye matairi ya kiangazi yaliyoganda, kutapita mbele yake kwenye kona ya kwanza yenye barafu. Huko Québec hili limekwisha kuamuliwa na sheria, lakini twalieleza kwa wale watakaohamia mikoa isiyo na sharti hilo.

Vihisi vya upepo

Magari mengi ya siku hizi yana kihisi ndani ya kila gurudumu kinachopima upepo na kutuma taarifa kwa redio. Magurudumu ya pili yasipokuwa na vihisi vyake, taa ya njano ya tairi itawaka kwenye dashibodi majira yote ya baridi. Kanada haikuweka sharti la vihisi hivi kama lilivyowekwa Marekani kwa magari ya modeli ya mwaka 2008 na kuendelea, na mlaji wa Québec yuko huru kutovinunua. Uhuru huo una gharama: taa inayowaka daima haiwezi kukuonya. Asiyenunua vihisi ajiwekee desturi ya kupima upepo kila wiki mbili kwa kipimo cha mkono.

Naye mwenye vihisi asishangae taa ikiwaka asubuhi ya kwanza ya baridi kali. Upepo wa tairi hupungua takriban psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto linaloshuka. Tairi lililojazwa psi 35 mwezi wa Oktoba, nje kukiwa nyuzi 15, litasoma karibu 29 asubuhi ya Januari ya nyuzi 20 chini ya sifuri, bila pancha yoyote. Hujazwa tena hadi kipimo cha kibandiko, gari likiwa limelala nje na halijaendeshwa. Na kama kibandiko chataja inchi 18 tu, kipimo cha inchi 16 kitafutwe katika kitabu cha mwenye gari. Si lazima viwe sawa.

Kununua na kulalamika

Tairi jipya au lililotumika, mlaji atazame mambo matatu ubavuni na usoni kwake: ile alama ya mlima na theluji, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ambapo 4021 ni wiki ya 40 ya mwaka 2021, na kina cha meno. Sheria hulikataa tairi lenye kina chini ya milimita 1.6, lakini tairi la majira ya baridi huanza kupoteza uwezo wake katika theluji mapema zaidi, na la milimita nne mwezi wa Novemba laelekea kuwa kipara kabla ya Machi. Atazame matairi yote manne, tena kwa ndani pia. Katika seti zinazouzwa na watu binafsi, lile baya huwekwa chini ya rundo.

Hapo kuna tofauti ya kisheria ambayo wageni wengi hawaijui. Sheria ya Québec ya kuwalinda walaji humgusa mfanyabiashara. Bidhaa aliyouza lazima ifae kwa matumizi yake ya kawaida na idumu kwa muda wa kuridhisha, na maelezo aliyoyatoa kuihusu humfunga. Kwa hiyo dukani mlaji aombe jambo dogo lakini zito: katika ankara kuandikwe modeli ya gari, mwaka wake, na maneno kwamba rimu na matairi hayo yafaa kwa gari hilo. Ikiwa yatagusa breki, ubishi umekwisha kabla haujaanza. Asiogope kuonekana msumbufu. Karani mwenye uzoefu huandika maneno hayo bila kuinua kichwa, na anayekataa amekwisha kujibu swali.

Anayenunua kwa mtu binafsi, kwenye ua wa nyumba au kwa mshirika wa kanisa, hakingwi na sheria hiyo. Abaki na Kanuni ya Sheria za Kiraia, ambayo humlinda dhidi ya kasoro iliyofichika, lakini si dhidi ya kasoro ambayo angeiona kama angetazama. Bei ya chini ina maana yake. Si kwamba tunakataza: seti nyingi nzuri huuzwa hivyo kila vuli na watu walionunua gari jingine. Basi aende mchana, na kipimo cha kina mfukoni, ajaribu rimu moja kwenye gari lake papo hapo, na aombe risiti iliyotiwa saini hata kama muuzaji ni shemeji yake. Mgogoro usiozidi dola 15,000 husikilizwa katika kitengo cha madai madogo cha Mahakama ya Québec, ambako kila upande kwa kawaida hujieleza wenyewe bila wakili, na karatasi iliyotiwa saini ndiyo shahidi asiyesahau.

Siku ya kufunga

Mlaji atakayefunga mwenyewe atafute sakafu ngumu iliyo sawa, aweke gia kwenye P, avute breki ya mkono, na alegeze nati robo mzunguko kabla gurudumu halijanyanyuka. Jeki ya gari ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Mtu asiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Uso wa kitovu usuguliwe kwa brashi ya chuma hadi kutu ilegee na kuanguka, kwa sababu tabaka la kutu hukaa kama mchanga kati ya vyuma viwili, na likisagika mwendoni nati hubaki bila mkazo. Nyuzi za bolti zisipakwe mafuta, maana mafuta hupotosha kipimo cha ukazaji.

Nati zianzwe kwa vidole. Inayogoma kwa vidole imeanza upande, na mashine ya upepo itaiharibu pamoja na bolti yake. Hukazwa kwa mpango wa nyota, ukiruka moja kila mara, hadi rimu ikae sawasawa. Gari hushushwa na kumalizia hufanywa kwa spana yenye kipimo. Corolla huhitaji nyutoni mita 103. Gari jingine lina kipimo chake kitabuni. Garajini mlaji ana haki ya kuuliza kama fundi amemaliza kwa spana hiyo au kwa mashine tu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati hupimwa tena. Magaraji mengi huandika agizo hilo kwa herufi ndogo chini ya ankara, kisha mteja akilalamika huonyeshwa herufi hizo. Mama wa mfano wetu, atokaye kazini alfajiri na kushuka kilima kabla ya gari la chumvi kupita, afanye safari ya garaji ya pili katika wiki ileile ya kwanza. Kwa kawaida hailipiwi.

Kuhusu wakati, twashauri asingoje Desemba. Joto la asubuhi la Sherbrooke hushuka chini ya nyuzi 7 tangu Oktoba, na njumu za chuma huruhusiwa kuanzia tarehe 15 ya mwezi huo hadi tarehe 1 Mei. Vivyo hivyo asiharakishe tarehe 16 Machi, kwa kuwa Aprili huko bado ina theluji yake. Magurudumu yakivuliwa yaoshwe chumvi, yakaushwe, na kila moja liandikwe kwa chaki lilikokuwa, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, ili vuli ijayo ya mbele yaende nyuma. Nati za rimu za chuma zihifadhiwe katika mfuko uliofungwa kwenye mojawapo ya rimu hizo, mbali na nati za aloi.